Karatasi ya Chapati

Saa moja asubuhi Mbale, ukungu umeukalia Wanale,
nilinunua roleksi kwa Wepukhulu, mkabala na geti la hospitali:
mayai mawili, nyanya, kabichi, usitie pilipili.
Akaiviringa, akanyofoa karatasi kwenye rundo,
akanikabidhi kama anavyomkabidhi kila mtu,
bila kuangalia.

Mafuta yana tabia ya kusoma.
Yalipita polepole, mstari kwa mstari,
wino wa bluu ukajitokeza upande wa pili:
herufi K yenye mkia,
umri, thelathini na mmoja,
kijiji, jina la mume,
kisha lile neno fupi katika kisanduku cha matokeo,
ambalo daktari hulisema kwa sauti ya chini
akishaufunga mlango.

K yenye mkia ni yangu.
Mwalimu alinichapa kwa ajili yake darasa la tatu
na mkia haukukatika.
Miaka tisa niko masjala, dirisha la pili.

Khainza. Jina lake jingine nalimeza.
Anashona sare za shule nyuma ya soko.
Kadi yake huikunja mara nne, akaitia kwenye soksi ya mtoto.
Vidonge huvitoa chupani kabla hajafika getini,
akavifunga kwenye kitambaa cha kushonea,
visije vikacheza, vikasema njiani.

Siku ya kwanza aliniuliza, mdomo karibu na kitundu cha kioo:
"Karani, hicho kitabu huwa kinalala wapi?"
"Kabatini," nikasema, na ufunguo nikamwonyesha.

Sikumdanganya. Ufunguo ninao hadi leo.
Kabati ndilo lililojaa.
Stoo ilivuja, panya wakazaa kwenye faili za zamani,
ikaja amri ya kupunguza, akaja mtu wa mkokoteni na mizani.
Magunia sita. Nilitia sahihi bila kufungua hata moja,
maana ilikuwa saa ya chai.

"Wepukhulu, hizi umezitoa wapi?"
"Sokoni, kilo elfu mbili. Ngumu, hazilowi upesi kama gazeti."
"Umeshatumia ngapi?"
Akacheka, akigeuza yai.
"Tangu Jumatatu? Nani anahesabu chapati?"

Nikalinunua rundo lote.
Alinitazama kama mtu aliyerogwa, akapandisha bei,
na wateja walionifuata akawafungia kwa majani ya migomba.

Usiku nilihesabu: karatasi mia mbili na kumi na moja.
Namba zilikwenda vizuri mpaka thelathini na nane,
kisha zikaruka hadi arobaini na tano.
Hapo katikati kuna watu.
Wametupwa stendi, wamefutiwa mikono,
mtoto fulani ametengeneza ndege, akairusha juu ya ua wa jirani.
Ya Khainza ninayo. Ina duara la mafuta, kama mwezi,
juu ya jina la mume.

Husemwa siri ya mtungi aijuaye kata.
Mimi ndiye kata.
Hakuna aliyewahi kuuliza kata hutundikwa wapi usiku,
na nani huiazima.

Alhamisi akaja dirishani, sindano imechomwa kwenye kola.
Nikafungua kitabu kipya, nikaandika K,
mkono ukasimama kabla ya mkia.
"Bado kinalala kabatini?" akauliza, nusu kwa utani.
Nyuma yake foleni ilifika mpaka kwenye bomba la maji,
na wale wa mbele walikwishaacha kuongea.

"Zunguka, uingie ndani," nikamwambia. "Kuna kiti."
Akaingia. Hakukaa.
Mlango wa masjala umevimba kwa mvua, haujafungwa miaka.
Niliusukuma kwa bega, mara mbili,
mpaka ukaingia kwenye fremu yake.